Video ya GoPro Isiyotikisika: Somo Nililolipata Vichochoroni Mji Mkongwe

Nilinunua kamera yangu ya kwanza ya aina ya GoPro, zile kamera ndogo za kurekodi ukiwa kwenye mwendo, nikiamini kwamba kutuliza picha ni kazi ya kamera, yangu ni kutembea tu. Jioni ya kwanza nilianzia soko la Darajani, nikapita Mkunazini, nikakata vichochoro mpaka Forodhani, kamera mkononi. Kwenye kioo chake kidogo kila kitu kilionekana sawa. Nilipoiunganisha na televisheni nyumbani, dakika mbili hazijaisha mama akaniomba nizime, kichwa kinamzunguka. Ajabu ni kwamba kipande cha mwisho, pale Forodhani nikiielekea bahari, kilikuwa kimetulia vizuri kabisa. Kamera ni ile ile, mkono ni ule ule, na tofauti ya muda haikufika nusu saa.

Ilinichukua muda mrefu kuelewa kwa nini. Nilipoelewa, karibu kila kitu kuhusu video zinazotikisika kikawa wazi, kwa hiyo nitaanzia hapo kabla ya hatua zenyewe.

Ndani ya kamera hizi kuna jairoskopu, kidude kinachohisi kamera inavyogeuka: inapoinamisha pua au kuiinua, inapogeukia kushoto au kulia, inapolala upande. Kamera hukata ukingo wa picha, takriban asilimia 10, kisha husogeza sehemu iliyobaki kinyume cha mgeuko ule. Ndiyo maana ukitetemesha kifundo cha mkono picha haitetemeki. Lakini mtu akitembea, mwili wake pia hupanda na kushuka sentimita kadhaa kwa kila hatua, na huyumba kidogo kushoto na kulia. Hilo jairoskopu haliponyi, kwa sababu kamera haikugeuka, imehama.

Jaribu hapo ulipo. Funga jicho moja, tazama nje kupitia dirisha lenye nondo zilizolala, kisha inua na ushushe kichwa polepole. Nondo zitapanda na kushuka, na mnazi wa mbali utabaki mahali pake. Forodhani mbele yangu kulikuwa na bahari, mbali, kwa hiyo kupanda na kushuka kwangu hakukuonekana. Vichochoroni kuta zilikuwa umbali wa mkono, na kila hatua yangu ilisomeka juu yake.

Kuna la pili. Kichochoro ni giza. Mwanga ukipungua, kamera huacha shata, yaani mlango wake wa mwanga, wazi kwa muda mrefu zaidi kwa kila fremu (kila picha moja kati ya zinazounda video), na ukitembea kila fremu inapakazika. Mfumo wa kutuliza picha unaweza kuisogeza fremu iliyopakazika mahali pake sahihi, ila hauwezi kuusafisha ule mpako. Matokeo yake ni video ambayo mistari ya kuta imetulia lakini inapiga kama moyo: safi, ukungu, safi, ukungu. Wengi huona hivyo wakadhani kamera ni mbovu.

Kwa hiyo kazi zimegawanyika. Kugeuka ni kazi ya kamera, kupanda na kushuka ni kazi ya miguu yako, na giza ni kazi ya mipangilio.

Hatua ya 1: Ijue kamera uliyonayo

Kama unanunua iliyotumika, mwaka wa kutoka una maana kubwa. HERO4 ya mwaka 2014 haina kabisa mfumo wa kutuliza picha. HERO5 Black ya 2016 inao, lakini ukipandisha ubora hadi 4K haufanyi kazi. Inabidi ubaki 2.7K au chini yake. HERO7 Black ya 2018 ndiyo iliyoleta HyperSmooth, mfumo wa GoPro wa kutuliza picha wenye nguvu zaidi, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo GoPro ya zamani zaidi inayofaa kununuliwa na mtu anayetaka kurekodi akitembea. Kampuni ya DJI ilileta mfumo wake, RockSteady, kwenye kamera ya Osmo Action mwaka 2019, na mfumo wa kampuni ya Insta360 unaitwa FlowState. Majina ni tofauti, kazi ni moja.

Zile za bei nafuu zisizo na jina usiziamini kwa maandishi ya boksi. Nenda dukani na kadi yako ya kumbukumbu. Rekodi ukitembea hatua ishirini, kisha simama na utikise kifundo cha mkono kushoto na kulia kwa haraka. Rudia kwa kila ubora ambao kamera inao, maana zipo zinazotuliza picha katika 1080p na kuacha kabisa katika 4K. Tazama matokeo kwenye simu yako, kioo cha kamera ni kidogo mno kukuonyesha ukweli. Muuzaji anayekataa jaribio hilo, mshukuru na uende duka la pili.

Hatua ya 2: Panga kamera kabla ya kutoka nyumbani

Washa utulizaji katika kiwango cha kawaida. Kwenye baadhi ya GoPro kuna kiwango cha juu kinachoitwa Boost, na wengi hukimbilia hapo. Mimi nakitumia nikikimbia tu. Boost hukata picha zaidi, picha inakuwa nyembamba, kuta zinajaa kwenye fremu, na kule kupanda na kushuka ambako hakuponyeki kunaonekana kukubwa zaidi.

Ukitembea, tumia lenzi pana. Upana huuficha mtikisiko, kwa sababu kila kitu kinaonekana kidogo na mbali. Kasoro yake ni kwamba kingo za picha hupinda, na mlango wa nakshi ukiwa pembeni utaonekana umejikunja. Kwa milango nabadilisha nikishasimama, naweka lenzi iliyonyooka, ile inayoandikwa Linear kwenye menyu.

Katika menyu ya kuzuia taa kumeta chagua 50Hz, kwa kuwa umeme wa Afrika Mashariki ni wa hertzi 50. Ukiacha 60Hz, taa za dukani na za barabarani zinaweza kumeta kwenye video, na hakuna utulizaji utakaoliondoa hilo. Ukishachagua 50Hz, kamera itakupa fremu 25 au 50 kwa sekunde. Chagua 50, kwa sababu mbili. Kwanza, unaweza baadaye kupunguza mwendo nusu bila video kukatika, na hatua zilizopunguzwa mwendo huonekana laini. Pili, ambayo wengi hawaijui: kamera ikirekodi fremu 50 kwa sekunde haiwezi kuacha shata wazi zaidi ya sehemu moja ya hamsini ya sekunde. Umeshaizuia isipakaze kupita kiasi kabla hujagusa kitu kingine.

Sasa shata yenyewe. Kwenye jua la wazi, iache kamera ichague. Itachagua kasi kubwa sana, 1/1000 ya sekunde au zaidi, na hutakuwa na tatizo. Vichochoroni mchana weka 1/200. Jioni weka 1/100 na usishuke chini ya hapo ukiwa unatembea. Hiyo 1/100 ina faida nyingine: taa za umeme wetu hupiga mara 100 kwa sekunde, hivyo kila fremu inachukua pigo moja zima na haimeti. Ruhusu ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, ipande hadi 1600. Picha itakuwa na punjepunje, na mimi nakubali punje siku zote kuliko mpako, kwa sababu jicho linavumilia punje na tumbo halivumilii mpako. Ukitoka kichochoroni kuingia uwanja wa jua, kumbuka kuirudisha shata kwenye hali ya kujichagulia, la sivyo picha itaungua nyeupe.

Neno moja kuhusu vioo vyeusi vya ND ambavyo watu huvifunga mbele ya lenzi ili video ionekane kama ya sinema. Kioo hicho kinapunguza mwanga na kuilazimisha shata iwe ya polepole, yaani kinaleta mpako kwa makusudi. Kwa kamera iliyofungwa mahali ni sawa. Kwa mtu anayetembea na kamera mkononi, kivue.

Hatua ya 3: Ipe kamera uzito

HERO7 Black ina kama gramu 120, nyepesi kuliko chungwa. Kitu chepesi hivyo hufuata kila mshtuko mdogo wa mkono, hata wa mapigo ya moyo. Usiishike kamera yenyewe kwa vidole. Ifunge kwenye kijiti kifupi au kwenye tripodi ndogo ya mezani, na miguu ya tripodi uitanue kidogo. Uzito ukitandazwa mbali na mahali pa kushikia, kifaa kinakuwa kigumu kugeuka. Mmarekani Garrett Brown, aliyebuni Steadicam, kifaa cha kutuliza kamera za sinema, miaka ya 1970, alijenga kifaa kizima juu ya kanuni hiyo. Kijiti kirefu kilichovutwa hadi mwisho hakifai, ncha yake hudundadunda kama fimbo ya kuvulia samaki. Theluthi moja ya urefu inatosha.

Shika kwa mikono miwili. Viwiko vikaribie mbavu bila kubana, mabega yashuke, mshiko uwe wa kutosha tu kamera isianguke. Mkono uliokazwa hutetemeka. Kaza pia skrubu ya kifungio, kwa sababu kifungio kilicholegea hutoa mtetemo mdogo wa haraka usioweza kuuona ukiwa unarekodi.

Ukiwa umesimama, kuna mbinu ya kamba isiyogharimu kitu. Funga kamba ya nailoni, au kipande cha kanga kuukuu, kwenye kitako cha tripodi. Ncha nyingine ikanyage kwa mguu, kisha vuta kamera juu mpaka kamba ikaze. Hapo mkono hauwezi tena kupanda wala kuyumba. Kama kuna baraza au ukuta, egemea, hiyo ni bora zaidi.

Gimbali je, kile kishikio chenye mota zinazoisawazisha kamera? Inasaidia, hasa kwa kamera za zamani, lakini jua unanunua nini. Gimbali ya mihimili mitatu nayo inaponya kugeuka peke yake. Nimewaona vijana wakilipia gimbali halafu wakashangaa kuta bado zinadunda. Ukiitumia, jaribu kuzima utulizaji wa ndani ya kamera, kwa sababu wakati mwingine mifumo miwili huvutana.

Hatua ya 4: Jifunze kutembea upya

Hapa ndipo pana kazi, na hapa ndipo video yangu ilipobadilika.

Mtazame muuza kahawa wa Mji Mkongwe akipita na dele lake, makaa yakiwaka chini yake, vikombe vikigongana mkononi. Anapita kwenye mawe yasiyo sawa, anapisha baiskeli, anapanda kizingiti, na kahawa haimwagiki. Siku moja nilimfuata mmoja kwa nyuma kutoka Soko Muhogo mpaka Jaws Corner nikitazama miguu yake tu. Magoti hayanyooki kamwe. Hatua ni fupi. Kisigino kinatua kwanza, kisha wayo unaviringika mpaka vidoleni, na mguu wa nyuma hauondoki mpaka wa mbele umeshabeba uzito. Kichwa chake kilikwenda kwa mstari mmoja kama kimevutwa kwa uzi. Ni kanuni ile ile ya mama anayebeba ndoo ya maji kichwani: kiuno na magoti ndiyo springi.

Fanya hivyo na kamera. Kunja magoti kidogo, kiasi cha mtu anayetaka kukaa akaahirisha. Fupisha hatua, nusu ya kawaida yako. Tua kwa kisigino, viringisha. Usivae ndala, kwani kisigino cha ndala hupiga chini na mshtuko unapanda hadi mkononi. Raba yenye soli laini ndiyo sahihi. Pumua taratibu kwa pua. Ukitaka kugeuka, geuza kiuno na mabega pamoja, mikono ibaki mahali pake mbele ya kifua.

Zoezi la nyumbani: jaza kikombe maji mpaka kidole kimoja chini ya ukingo, kishike kama unavyoshika kamera, tembea ukumbini huku na huku. Maji yakimwagika, magoti yamenyooka. Mapaja yatauma siku za mwanzo. Nilifanya dakika kumi kila jioni kwa wiki mbili, na tofauti ilikuwa kubwa kuliko ile niliyoipata nilipobadilisha kamera.

Kuna wanaopenda kuifunga kamera kifuani kwa mikanda. Kifua kinatulia kuliko kichwa, na mikono inabaki huru. Kichwani sipendi: tunageuza vichwa mara nyingi bila kujua, na mtazamaji anageuzwa nasi.

Hatua ya 5: Chagua unapopita na unapoelekeza

Kwa kuwa vitu vya karibu ndivyo vinavyofichua hatua zako, viweke mbali. Pita katikati ya kichochoro, usiubane ukuta mmoja. Elekeza lenzi mwisho wa njia, pale mwanga unapotokea, badala ya kuielekeza kwenye mlango unaoupita. Kuta zitapita pembeni na jicho la mtazamaji litakaa mbali, mahali palipotulia.

Kitu kinachostahili kutazamwa kwa karibu, simama. Mlango wa nakshi, mikono ya fundi, sinia la vitumbua: simama, hesabu mpaka tatu kimoyomoyo, rekodi sekunde nane bila kusogea, hesabu tena tatu kabla ya kuzima. Zile sekunde za mwanzo na mwisho ndizo zenye mtikisiko wa kubonyeza kitufe, na utazikata.

Hilo linakwenda sambamba na adabu. Wazee waliokaa barazani hawarekodiwi kwa kupitiwa. Simama, teremsha kamera, toa shikamoo, omba. Wakikubali utawapata ukiwa umetulia, na wao wametulia.

Ukiwa juu ya chombo

Bodaboda ina mtikisiko wa aina nyingine kabisa: mtetemo wa injini, mdogo na wa haraka sana. Sensa ya kamera, ile sehemu inayonasa mwanga, husoma picha mstari kwa mstari kutoka juu kwenda chini, na mtetemo ule unaikuta katikati ya kusoma, ndipo picha inapocheza kama maji ya jeli. Ukiifunga kamera kwenye usukani unaipa mtetemo wote. Ifunge kwenye mwili wa abiria, kifuani au kwenye kidevu cha helmeti. Nyama na mifupa yetu hunyonya mtetemo vizuri. Kama ni lazima iwe kwenye usukani, weka kipande cha mpira wa tyubu chini ya kifungio na utumie mkono mfupi kabisa wa kifungio.

Ndani ya daladala au gari, kama sehemu ya gari inaonekana kwenye picha na kamera imefungwa imara, zima utulizaji. Jairoskopu linahisi gari linavyorukaruka na kujaribu kuutuliza ulimwengu wa nje, matokeo yake dashibodi na viti ndivyo vinaanza kuogelea. Gari lisipoonekana kwenye fremu, uache umewaka.

Baharini inategemea unachotaka. Ukiwasha kufuli ya upeo (inayoizuia picha isilale upande) kwenye ngalawa, mstari wa bahari unalala sawa na tanga linayumba. Ukizima kila kitu na kuifunga kamera kwenye mlingoti, tanga linatulia na bahari ndiyo inayoinuka. Mimi napenda ya kwanza, hailevyi.

Kuhariri

Kazi ya kwanza ni kukata. Katika dakika kumi za kutembea, dakika moja na nusu tu ndiyo huwa nzuri kweli, na hakuna anayekulazimisha kuonyesha zile nyingine.

Kilichobaki kikihitaji msaada, kuna njia tatu ninazozitumia. Kwenye simu, CapCut ina kitufe cha kutuliza video, kinatosha kwa kipande kifupi. Kwenye kompyuta, toleo la bure la DaVinci Resolve lina utulizaji mzuri. Ukiona kuta zinanyumbulika, badilisha kutoka Perspective kwenda Similarity, na likiendelea nenda Translation. Ya tatu ni Gyroflow, programu ya bure kabisa, ambayo ndiyo naipenda kuliko zote. Programu nyingine hukisia mtikisiko kwa kuitazama picha. Gyroflow husoma kumbukumbu za jairoskopu zilizohifadhiwa ndani ya faili lenyewe, na GoPro zinazihifadhi tangu HERO5. Sharti lake ni kwamba urekodi kwa lenzi pana huku utulizaji wa kamera umezimwa, na shata iwe ya haraka. Ukirekodi hivyo, faili ghafi litaonekana baya sana mpaka ulipitishe Gyroflow, usishtuke.

Usitulize mara mbili bila sababu. Video iliyokwisha kutulizwa na kamera, ukiipitisha tena kwenye programu kwa nguvu zote, inakatwa ukingo mara ya pili na kuta huanza kuyeyuka kwenye pembe. Anza na nguvu ndogo, panda kidogo kidogo, na utazame kwenye kioo kikubwa, televisheni kama ipo, ukiwa na mtu ambaye hakuwepo ukirekodi. Wewe unajua pale ulipokwenda, jicho lako linasamehe.

Kipande chenye mpako usijisumbue nacho, hakuna programu kati ya hizo itakayokiponya. Kiandike mahali kilipopigwa, kisha rudi kesho saa sita mchana. Zanzibar tuko karibu na ikweta. Saa hizo jua liko juu sana, na mwanga unafika chini zaidi vichochoroni kuliko saa nyingine.